Wiki Nane za Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Hapa hasomi mtu. Maandishi yangu hata mimi hunishinda.

Nimeitwa shuleni tena. Mara ya tatu muhula huu! Nimeacha gauni la bibi harusi mezani, zipu nusu ndani nusu nje, nikatoka mbio na futi shingoni kama daktari aliyeitwa kwenye ajali.

Binti yangu ana miaka mitano. Namwita Mheshimiwa kwa sababu hapokei amri — anazitoa. Leo kamng'ata mwenzake mkononi kwa ajili ya mkasi wa plastiki. Alipoambiwa aombe radhi, akamwaga kopo la rangi ya bluu kwenye viatu vya mwalimu wake. Kisha akalala chini na kupiga kelele mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona nani anachinjwa.

Mwalimu Mkuu ni mama mtulivu, hapandishi sauti kabisa, na ndiyo maana namwogopa. Kasema wanampenda mtoto, lakini wazazi wa wenzake wamefika hapa — akagusa koo. Kliniki ya watoto iliyo nyuma ya posta ina mshauri wa tabia. Tumepewa wiki nane. Tarehe 28 Aprili tunakaa tena, ndipo aamue kama mtoto anabaki au tunatafuta shule nyingine.

Nikasema sawa, nitampeleka.

"Hapana, baba. Sikusema umpeleke. Nimesema uende."

Sijui tofauti yake ni nini.

Jumatano, 5 Machi

Mshauri ni binti mdogo tu, raba nyeupe, miwani mikubwa. Nilidhani ni karani. Nikamwambia nimekuja kumwona mshauri. Akasema umeshamwona. Aibu!

Nikamkabidhi Mheshimiwa. Nikauliza nije kumchukua saa ngapi.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe ni fundi cherehani, si ndiyo? Wateja wanakuachia kitambaa, wanaenda zao?"

"Ndiyo."

"Hapa hatuachiwi kitambaa. Anayetengenezwa hapa ni nyumba nzima."

Nikamwuliza, kwa upole wote nilionao, kwani aliyeng'ata ni nani? Mimi? Akasema swali zuri, akaandika kitu. Sipendi watu wanaoandika kitu.

Kanipa fomu za kujaza kila siku. Kuna safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, kilichofuata. Visanduku vidogo kama vifungo vya shati la kitoto.

Nyumbani Mama akauliza huyo mshauri ana watoto wangapi. (Mama yangu yupo hapa tangu Januari. Mke wangu yuko mji mwingine kwenye mafunzo ya uuguzi wa upasuaji, anarudi Julai.) Nikasema hana mtoto. Mama akabeba sufuria lake akaenda jikoni. Hakuhitaji kuongeza neno.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumepigwa video kliniki. Kazi ilionekana nyepesi: cheza na mwanao dakika tano, vitalu vya mbao, basi. Nikajisemea hii nayo ni kazi? Mimi nimewavisha watu suti!

Kisha Mshauri akatuonyesha hesabu. Ndani ya dakika tano nimeuliza maswali thelathini na moja. Nimetoa amri kumi na nne. Sifa — sifuri. Sifuri ya mviringo, kama bobini ya cherehani.

Nikabisha. Akarudisha video. Ni mimi kweli. "Hii rangi gani? Mbona umeweka hapo? Huo ni mnara au nini? Weka kubwa chini. Chini! Unasikia? Kwa nini husikii?" Mtoto ananyamaza, ananyamaza, halafu paa! kitalu kinaruka kwenye paji langu.

"Ungekuwa wewe," akauliza Mshauri, "unashona, na mtu amesimama nyuma yako anakuuliza hivyo, ungefanyaje?"

Ningemchoma sindano. Sikusema. Nadhani alisikia.

Jumanne, 11 Machi

Matukio sita. Nimejaza fomu mpaka pembeni.

Jioni nimezipanga karatasi za siku sita mezani kama vipande vya suti, nitazame wapi panaungana na wapi. Nimekaa nazo nusu saa. Kisha nikaona, na nisingependa kuona.

Safu ya kwanza, karibu kila siku, ni neno lile lile. Mteja kaingia. Nilikuwa kwenye mashine. Nilikuwa kwenye mashine ya ovaloki. Nampima mtu. Nilikuwa kwenye mashine. Na safu ya tatu pia inafanana. Nikasimama. Nikaenda. Nikamfokea. Nikamshika.

Yaani mashine ikilia, simtazami. Akilia yeye, mashine inanyamaza.

Ana akili huyu mtoto. Amenipima bila futi.

Jumamosi, 15 Machi

Chumba cha kioo! Upande wetu ni kioo cha kawaida, cha kuchania nywele. Upande wa pili Mshauri anatuona kama dirishani. Mimi kidude sikioni, yeye anazungumza humo, mtoto hasikii. Amesema ataniambia la kusema. Nisiulize, nisiamrishe, nifuate mchezo tu, nisifu ninachokiona.

Mheshimiwa akapanga vitalu vitatu.

Sikioni: "Sema, umepanga vizuri."

Mimi, kwa sauti: "Sema, umepanga vizuri."

Mheshimiwa akanitazama. Akatazama vitalu. "Umepanga vizuri," akasema, kwa wasiwasi.

Sikioni kukawa na kelele. Mtu alikuwa anacheka mbali na kipaza sauti.

Tukaendelea. Sikioni: "Sasa msifu kwa kusubiri." Nikamsifu kwa kusubiri. Sikioni: "Usimsahihishe, ng'ombe anaweza kukaa juu ya nyumba." Nikamwacha ng'ombe juu ya nyumba. Iliniuma, ila nilimwacha. Dakika ya nne Mheshimiwa akachukua kitalu, akakiweka kwenye goti langu bila kusema kitu. Hakukitupa. Alikiweka.

Kazi ya nyumbani: dakika tano kila siku, muda wake, mashine imezimwa. Hata awe amevuruga nyumba nzima siku hiyo, dakika tano ni zake, hazikatwi kama adhabu. Na akianza vituko vidogo — kulia, kugaragara, kurusha kandambili — tusitazame, tusijibu, mpaka atulie. Akitulia, hapo hapo tumpokee. Kung'ata ni jambo jingine: hapo namtoa, maneno mawili tu, sauti ya chini.

Mshauri akaongeza: akiona njia yake ya zamani haifanyi kazi, atazidisha kwanza kabla hajapunguza. Tujiandae.

Nikamwambia mimi ni mtu mzima, niko tayari.

Jumatatu, 17 Machi

Kusifu kumeniingia kwenye damu. Leo mteja, bwana mmoja wa benki, amesimama nimpime kiuno. Mdomo ukateleza: "Hongera, umesimama vizuri kabisa, na mikono umeishusha mwenyewe."

Bwana akaniangalia kwa muda. Kisha akasema, polepole, asante sana, fundi. Ameagiza suruali ya pili.

Jumatano, 19 Machi

Dakika arobaini na saba.

Bibi harusi alikuja kujaribu gauni, yeye na shangazi yake. Mimi nimepiga magoti, pini sita mdomoni, napandisha pindo. Mheshimiwa akataka chaki ya bluu. Nikamwambia, sauti ya chini, sentensi moja kama nilivyofundishwa: chaki ni ya kazi, chukua penseli yako. Ikaanza.

Alilia. Akalala chini. Akazunguka chini kama mkono wa saa. Shangazi mtu akauliza kama mtoto anaumwa. Nikatikisa kichwa, pini mdomoni. Dakika ya kumi akavua soksi akazirusha. Ya ishirini akaimba kulia kwake, yaani kulia kwenye mdundo kabisa. Bibi harusi akaniuliza kwa upole kama nisingependa kumpa tu hiyo chaki. Nikatema pini. Nikasema, dada, nikimpa sasa nimekwisha. Jasho lilikuwa linanitoka kama nimekimbia. Lakini nilishona! Pindo limekaa sawa, sijui vipi.

Dakika ya arobaini sauti ilianza kupungua. Nilijua. Fundi hujua uzi unapoelekea mwisho. Kelele ikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Kidogo tu, kidogo tu —

Pazia la nyuma, linalotenga duka na nyumba, likasogea. Mkono ukatoka. Mkono wa Mama yangu, na bangili zake mbili, na ndani yake biskuti ya krimu.

Kimya!

Mheshimiwa akaketi, akala biskuti, akanitazama huku akitafuna. Mimi niko chini na pindo la watu. Saa ilisema dakika arobaini na saba.

Nimempigia Mshauri. Akasema, sasa mtoto amejifunza kwamba dakika arobaini na saba zinatosha. Kesho ataanzia hapo. Akasema Jumamosi nije na bibi yake.

Nikamwuliza kama anamjua bibi yake.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempigia Mama kelele. Mbele ya mtoto. Nimesema maneno ambayo hayaandikiki hata hapa. Kwamba ananiharibia. Kwamba kama ni biskuti, abebe na mtoto kabisa.

Mheshimiwa aliziba masikio kwa mikono miwili akasimama nyuma ya ovaloki.

Sina zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Mama hasemi na mimi. Anasema kupitia mtoto.

"Mwambie baba yako chai iko mezani."

"Baba, chai iko mezani."

"Mwambie Bibi asante."

"Bibi, Baba anasema asante. Bibi, yeye yuko hapo hapo. Hamwonani?"

Mchana nikaona begi lake kitandani, limefunguliwa. Nguo mbili ndani. Anataka kwenda kwa dada yangu. Nilisimama mlangoni, miaka thelathini na minane, na sikujua niweke wapi mikono.

Nikasema, Mama, nimekosa.

Akaendelea kukunja.

Nikasema, kesho ninakwenda kliniki, na peke yangu siwezi. Si kwamba sitaki. Siwezi.

Akauliza, kwa begi na si kwangu, kwani huyo binti anataka kunifundisha nini mimi niliyelea sita?

Nikasema sijui. Pengine yeye ndiye anataka kufundishwa.

Ulikuwa uongo. Ila begi lilifungwa likarudi chini ya kitanda.

Jumamosi, 22 Machi

Mama alivaa kama anakwenda mahakamani. Mkoba, viatu vya kufunika, hereni. Kidude cha sikioni alikikataa. "Sikio langu lina shughuli zake, mwanangu."

Mshauri hakubishana. Akamwomba tu aeleze alivyotulea. Mama akaanza kwa ukali: hakuna mtoto wangu aliyepelekwa kliniki kwa kulia, nilikuwa na ufagio. Mshauri akauliza, na kucheza je, mama, ulicheza nao michezo gani?

Mama akashika mkoba wake vizuri.

"Nilikuwa nafua nguo za watu, binti. Nyumba nne. Narudi jioni vidole havikunji. Nicheze na nini?"

Mshauri hakuandika kitu. Nilimtazama, hakuandika.

Kisha akasema biskuti hazina ubaya, na anayezitoa hana ubaya. Tatizo ni wakati tu. Kinachotolewa katikati ya kelele, mtoto anadhani kelele ndiyo imekileta. Kikitolewa baada ya utulivu, anadhani utulivu ndio umekileta. "Bibi ana kitu ambacho mtoto anakitaka kuliko chaki, kuliko biskuti pia. Naomba ampe mapema, kabla hajakililia."

"Kitu gani?"

"Ingia naye humo. Dakika tano."

Mimi nikabaki nyuma ya kioo. Mama akatazama viti vidogo, akatazama sakafu, akavua viatu. Alishuka kwa awamu tatu, magoti yakalalamika mpaka kwenye spika. Mheshimiwa akampa kitalu cha kijani.

"Hii simu, Bibi. Inalia."

"Inalia kweli," akasema Mama. Akaiweka sikioni. "Halo! Ndiyo. Ndiyo, yupo. Ana kazi nyingi. Anajenga." Akafunika kitalu kwa kiganja. "Wanasema unajenga vizuri huko. Wameona kutoka mbali."

Mheshimiwa akafumba macho kwa raha. Nimemzaa na sijawahi kuuona uso ule.

Hakuna aliyemfundisha Mama. Maswali mawili tu dakika zote tano. Mshauri alikuwa anahesabu, kisha akaacha kuhesabu. Mwishoni Mheshimiwa akamwekea bibi yake nyumba ya mbao kichwani, na ikaanguka, na Mama akacheka mpaka akalala ubavu, mkoba kule, hereni moja kule.

Sikujua Mama anacheka hivyo. Alikuwa na kicheko hicho siku zote, na hakuwa na saa ya kukitoa.

Macho yalinitoka maji. Nikasema ni vumbi la chaki. Mshauri akasema hapa hakuna chaki, akanisogezea tishu.

Jumapili, 30 Machi

Wiki nzima na barua moja tu kutoka shuleni, nayo inahusu kofia iliyopotea! Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "kang'ata". Halimo.

Mama sasa ni afisa. Ana saa ya mkononi aliyoitoa sandukuni kwa kazi hii. Nikimfokea mtoto kidogo tu, anakohoa. Nikiuliza maswali mawili mfululizo, anakohoa mara mbili. Jana alikohoa kweli, mafua, nikajikuta namwomba mtoto radhi bila kosa.

Ila asubuhi hii Mheshimiwa kaitupa kandambili kwenye karai la maji ya kupigia pasi. Si malaika.

Jumatano, 2 Aprili

Mke wangu alipiga simu ya video. Mheshimiwa alikataa kutazama. Mama yake akamwita, akamwita. "Umekula? Shule vipi? Unanikumbuka? Mbona hunijibu mama?" Mheshimiwa akaishika simu kwa mikono miwili, nikadhani anaibusu. Akaing'ata. Kona ya juu, kioo kimepasuka mstari mmoja.

Maneno mawili, sauti ya chini. Nikamtoa. Mama akamshika.

Mke wangu upande wa pili alikuwa analia. Akasema anarudi, anaacha mafunzo, mwanawe hamtaki. Nikasema usirudi. Nikasema, hatuwezi kumfundisha kwamba akiing'ata simu, mama anatokea mlangoni. Nikajisikia kama Mshauri. Nikajichukia kidogo.

Kisha akauliza, taratibu: kwa hiyo ananikumbuka?

Nikasema, mke wangu, amekula simu kwa ajili yako!

Akacheka na kulia kwa pamoja. Ni sauti ngumu kuisikiliza kwenye spika mbovu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mshauri amemwingiza na mke wangu kwenye kazi. Dakika tano kwa simu kila jioni, bila swali hata moja. Mtoto ashike simu, aonyeshe atakacho, mama afuate.

Leo ni siku ya kwanza. Nilikuwa kwenye mashine (imezimwa), nasikia. Mheshimiwa kaelekeza simu juu.

"Naona dari," akasema mke wangu. "Umenionyesha dari yote mpaka kwenye kona. Asante."

Simu ikazunguka.

"Sasa naona kidole gumba. Kimekaa kizuri."

Simu ikainuliwa tena.

"Naona dari tena."

Dakika ya tano ilipoisha, uso wa mtoto ukatokea, nusu, jicho moja na pua. "Kesho nitakuonyesha chini ya kitanda," akasema. Akakata simu yeye mwenyewe. Mheshimiwa amefunga kikao.

Mke wangu akanitumia ujumbe: chini ya kitanda kuna nini, nijiandae?

Alhamisi, 17 Aprili

Simu ya shule, saa nne asubuhi. Nikazima mashine kabla sijapokea.

Kumetokea mgongano, mwenzake kamnyang'anya kitabu. Mheshimiwa akafungua mdomo — mwalimu kaona, darasa zima limeona — akamtazama mwenzake, akainua mkono wake mwenyewe na kung'ata mkono wa sweta. Wake. Ameng'ata mpaka sufu imefumuka. Kisha akalia.

Mwalimu kaliandika kama tukio. Nikasema lakini hakumng'ata mtu! Akasema fomu ya shule inauliza kama ameng'ata, na ameng'ata. Tumebishana kama mawakili. Mshauri nilipompigia alipiga kelele za furaha, mtu mzima yule. Anasema meno yamehama, hiyo ndiyo safari yenyewe, ataandika barua.

Sweta nilishona mwenyewe. Tundu limeingia kidole. Kama fundi nimeumia. Kama baba natamani niliweke fremu.

Mama anasema tusifurahi mapema. Kisha nikamkuta jikoni anamwambia Mheshimiwa kwamba sweta haikuwa na ladha nzuri, pole sana, na siku nyingine amwite mwalimu. Mheshimiwa akakubali kwamba haikuwa na ladha.

Jumamosi, 26 Aprili

Keshokutwa. Kikao saa mbili asubuhi. Nimepiga pasi gauni la shule mara mbili. Mama kalipiga mara ya tatu. Mke wangu ameuliza mara nne nitasema nini. Sijui. Nina fomu hamsini na mbili ndani ya bahasha ya kaki, na Mshauri atakuja na barua yake. Mwalimu Mkuu alipita dukani kwangu Jumanne kuchukua sketi, hakusema lolote, nami sikuuliza. Sketi ilimkaa vizuri. Sikuthubutu kumsifu.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Si nyumbani. Katika duka kubwa la vifaa vya nyumbani, kati ya rafu ya ndoo na rafu ya sabuni. Naandika ili nisimtazame. Mshauri alisema ukishindwa kugeuza macho, yape kazi. Daftari lilikuwa kwenye begi.

Tulikuja kununua rangi ya viatu tu. Kwa ajili ya kesho!

Mheshimiwa ameiona ndoo. Nyekundu, yenye kikamulio cha dekio na pedali ya mguu. Ameipenda kama wenzake wanavyopenda mwanasesere. Nikasema, sentensi moja: leo tunanunua rangi ya viatu, ndoo inabaki. Akalala chini pale pale, na gauni jeupe la shule ambalo tangu asubuhi amekataa kulivua. Dakika ya tatu sasa.

Sauti yake humu ndani inarudi kutoka kwenye bati. Watu wanasimama. Mzee mmoja kasema mpige kibao kimoja tu. Dada mwenye mtoto mgongoni kasema mpe tu, baba, si ni ndoo tu. Mama yangu amejiweka katikati ya njia, mkoba kifuani, mkono umenyooshwa kama trafiki.

"Piteni upande ule. Tuko kazini."

Dakika ya tano. Mzee hataki kupita, anataka kushauri. Mama kamwambia amshauri huyo wa rafu ya pili, anashika glasi kwa mkono mmoja. Ameenda.

Dakika ya saba. Anazunguka chini. Nimesogeza miguu asijigonge. Sijamtazama. Nimemtazama mara moja.

Dakika ya nane. Mungu wangu.

Mwisho wa njia amesimama Mwalimu Mkuu. Kikapu mkononi, sabuni mbili ndani. Ametuona. Amemwona. Hajasogea.

Miguu yangu inataka kusimama, inyanyue mtoto, imzibe mdomo, ikimbie. Au ndoo — ningeichukua ndoo sasa hivi, kelele ingezimika, na Mkuu angeona mtoto mzuri anayecheka na ndoo. Dakika moja tu. Kesho ingekuwa salama.

Sijasimama. Mistari inapanda juu.

Mama hajawahi kumwona Mkuu. Ameshamfuata. Namsikia: "Mama yangu, samahani, kama unapita, pita; kama hupiti, geuka. Ukimtazama unatuongezea dakika."

Nimekufa.

Mwalimu Mkuu — naandika kama ninavyoona — amegeuka. Ametupa mgongo, amechukua kopo la dawa ya vioo, anasoma maelezo. Kopo liko kichwa chini.

Dakika ya kumi na moja. Kelele imeanza kukatika. Kwikwi. Mama anatazama saa yake, ameinua kidole kimoja: bado. Mkuu bado anasoma. Hakuna anayepita. Hata mzee amesimama kwenye rafu ya glasi, amenyamaza.

Dakika ya kumi na mbili. Pumzi tu. Miguu imetulia. Nadhani amefungua jicho.

Ameketi. Anafuta pua kwa gauni lililopigwa pasi mara tatu.

"Baba," anasema. Sauti ya kawaida kabisa.

Bega la Mkuu limegeuka. Ngoja, naweka kalamu chini: ametulia, na sasa lazima nimpokee hapo hapo.